Alama Juu ya Ng'ambo

Nilianza kumshuku mama yule wiki aliyorudi kutoka msibani Isebania. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea sampuli za mawe katika maabara yetu ndogo pale Nyakunguru, na mimi nilikuwa fundi wa kompyuta. Miaka ile ya rashi ya dhahabu, watu wakimiminika machimboni, kila mtu alimshuku mwenzake. Ukikohoa karibu na mfuko wa mawe, unaulizwa umemeza nini. Mimi sikuwa nyuma. Hata mlinzi akinisalimia mara mbili, nilijiuliza anataka nini.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mama anaandika jina la duara, yaani shimo mawe yalikochimbwa, mashine inapima dhahabu iliyomo, na majibu yanakaa kwenye kompyuta ya maabara katika faili lenye jina lile. Saa kumi na mbili asubuhi skripti niliyoiandika, yaani orodha ya amri za kompyuta, inaamka yenyewe, inanakili mafaili kwenda ofisini, kisha inayafuta yote ya maabara. Mwisho inaandika kwenye kumbukumbu: "Imekamilika, hakuna kosa."

Mwanzoni ilikuwa inalalamika. Kila kosa, hata la kipuuzi, lilitokea kwenye skrini ya bosi, naye akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nikaona huyu atasema sijui kazi. Basi nikaongeza herufi chache mwishoni mwa kila mstari, zinazoiambia kompyuta: makosa yote tupa, asiyaone mtu. Skrini ikatulia. Ile sentensi ya mwisho nayo niliipanga itokee kila siku, kazi imefanyika au haijafanyika.

Kisha majibu ya duara moja yakaanza kupotea. Liliitwa Ng'ambo, kwa kuwa lilikuwa upande wa pili wa kijito. Wachimbaji wake walikuja ofisini na sururu mikononi: mawe tumeleta, majibu hakuna, nani anawauzia madalali? Bosi akaniuliza. Nikamfungulia kumbukumbu: hakuna kosa, hakuna kosa, ukurasa mzima. Kompyuta ilikuwa safi, kwa hiyo aliyebaki ni mtu.

Na mtu huyo alikuwa na dada Isebania, upande wa Kenya kwenye madalali wengi, na simu isiyopumzika, na majibu yalianza kupotea wiki ileile aliyorudi. Nilimwambia bosi hivyo kwa mdomo wangu.

Mama akaitwa. "Kosa langu ni lipi?" aliuliza. Akanigeukia. "Fundi, mwanangu, mbona mwanzo majibu yalikuwa yanafika? Nilipokuwa naandika ngambo ovyo ovyo, vile ulivyonikataza?"

Ni kweli nilimkataza, siku aliporudi msibani, tena mbele ya watu. Ng'ambo ina alama juu, mama, nilisema, tuandike Kiswahili sanifu. Lakini sasa nilimwona anatafuta tu pa kujificha. Alifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Majibu ya Ng'ambo yakaendelea kupotea. Nikamshuku aliyechukua nafasi yake, nikamshuku mlinzi, hadi watu wa kushuku wakaniishia. Ndipo nilipoziondoa zile herufi, nikayaelekeza makosa kwenye faili lao, nikangoja saa kumi na mbili. Ulitokea mstari mmoja tu. Skripti ilipofika kwenye ng', ilidhani ile alama inafungua nukuu, ikatafuta ya kuifunga, haikuiona, ikaliruka faili bila kulinakili. Halafu ikalifuta pamoja na mengine.

Niliona aibu. Nilimfuata mama kwao Nyarero, nikamkuta anapepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo. Nikamweleza yote.

"Hiyo mashine ilijua?" aliuliza.

"Ilijua, mama."

"Na ilisema?"

"Kila asubuhi. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo."

Alipepeta kidogo, akapuliza makapi. "Basi ilikuwa inanitetea," alisema.

Nikamwambia kwamba bosi anamtaka arudi kazini hata kesho. Akaniuliza kama fundi bado ni mimi. Nikasema bado ni mimi. Akachota ulezi mwingine, akaendelea kupepeta.