Mlango Nilioupiga Randa Mara Mbili

Begi langu lilikuwa nyuma ya pikapu, limefungwa kamba. Mimi nimeshakaa mbele, naondoka zangu, nikasema neno la kupitisha muda tu.

Neno hilo nikilikumbuka, naiacha chai ipoe.

Watu wa ukoo wetu wananiita Upepo. Sikai. Shule nilisoma vipande vipande, darasa moja hapa, nusu darasa kule, halafu njia ikaniita.

Safari hiyo nilikuwa nimefikia kwa dada yangu mdogo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya mawe, chini ya kilima. Binti yake, mpwa wangu, alikuwa ofisi ya vipimo. Ndiye aliyekuwa ananipeleka stendi.

Nikamwambia, "Mama yako abadilishe mlango wa mbele. Nimeupiga randa wiki iliyopita, jana umekaza tena, nikaupiga tena. Mbao zenu hazifai hata kuni."

"Umekaza wapi?"

"Juu, kwenye kona."

"Mvua haijanyesha, mjomba. Mbao inavimba na nini?"



Alisimamisha gari. Akakitazama kilima kwenye kioo cha pembeni, muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akageuza.

Ngoja niwaeleze. Kilima kile kilikuwa na ufa kileleni. Kampuni ikafunga vifaa vya kupima ufa unapanuka kiasi gani. Nyumba za safu ya juu zikahamwa, watu wakalala kwenye madarasa ya shule. Safu ya chini, ya dada yangu, wakaambiwa kaeni, hamna neno.

Vipimo vyote viliingia kwenye kompyuta. Programu inavipanga, inatafuta mstari unaopita katikati yake, na kila asubuhi inatoa namba moja: kilima kitachukua siku ngapi kutulia, kuhesabu tangu vipimo vilipoanza.

Thelathini.

Kila asubuhi, thelathini. Watu wakaisifu ile programu kwa msimamo. Na siku hiyo niliyokuwa naondoka, thelathini zimetimia, safu ya juu walikuwa wanarudi nyumbani. Tulipishana nao barabarani, magodoro vichwani, watoto wamebeba masufuria, wanaimba.

Ofisini tulimkuta mkuu wa vipimo. Walimwita Injinia. Mtu mnene, sauti ya taratibu. Nyumba yake ilikuwa safu ya juu, na mkewe alikuwa miongoni mwa wale wenye magodoro.

"Mzee, si ulikuwa unasafiri?"

"Nilikuwa."

Mpwa wangu hakusalimia. Alivuta kiti, akafungua programu.

"Bosi, naomba unitajie namba yoyote."

"Ya nini?"

"Wewe taja."

"Elfu moja," Injinia akasema, anatabasamu. "Niwe nimeshastaafu."

Mpwa wangu akaiandika mahali fulani, akabonyeza. Skrini ikajibu: kilima kitatulia kwa siku elfu moja.

"Taja nyingine."

Hakutabasamu tena. "Tatu."

Skrini ikajibu tatu.

Jamani, nimetembea nchi nyingi, nimeona waganga wa kila aina. Sijaona kitu kinachokubali kila unachokiambia kwa upole namna ile. 

"Mama," nikamwambia mpwa wangu, "nieleze kama unavyomweleza mtu wa nusu darasa."

"Mjomba, programu ya kutafuta mstari haianzi hivi hivi. Unaipa kisio la kwanza, nayo inalisogeza kidogo kidogo, inaangalia kama mstari unakaribia vipimo. Yetu haikusogea hata unywele. Tuliipa thelathini, ikaturudishia thelathini."

"Kwa nini isisogee?"

"Kwenye kompyuta, safu ya nyakati za vipimo tumeijaza sekunde zinazohesabiwa tangu miaka ya zamani huko. Namba ndefu kama treni. Hesabu yetu ikizimeza, zote zinageuka sifuri. Inajaribu kushoto, sifuri. Kulia, sifuri. Inaona hakuna pa kwenda, inakaa pale pale ilipowekwa."

"Na haikulalamika?"

Akamtazama Injinia.

"Ililalamika," Injinia akasema polepole. "Maonyo yalikuwa yanajaza skrini. Nikayazima."

"Na hiyo thelathini ilitoka wapi?"

Injinia akaketi. "Mke wangu aliniuliza watalala madarasani mpaka lini. Nikamwambia mwezi. Nikaandika hiyo hiyo, nikijua mashine itanisahihisha."

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuandika. Aliitoa ile siku ya kwanza ya vipimo kwenye nyakati zote, siku zikaanzia sifuri kama za binadamu wa kawaida. Akarudisha maonyo. Akabonyeza.

Safari hii mashine ilifikiri. Namba zikawa zinabadilika, zinabadilika, kisha zikasimama.

Siku za kutulia: hasi kumi na moja.

"Hasi maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake hakitulii."

Akachora mstari juu ya vipimo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, maana ripoti ilitaka namba tu. Nukta zilianza chini, zikajikokota, halafu zikainuka. Za mwisho zilikuwa zimesimama wima kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Injinia alitoka mbio. Sikujua mtu mnene anaweza kukimbia vile. King'ora kikalia.

Tulipofika safu za nyumba, safu ya juu walikuwa bado nje, wanapanga mizigo. Hao walishuka upesi, mke wa Injinia mbele yao. Shida ilikuwa safu ya chini, waliokuwa wametulia ndani. Watu wanasukuma milango haifunguki. Fremu zote zilikuwa zimepinda. Kila mahali mikono inagonga kwa ndani.

Dada yangu alitoka kwa kusukuma tu.

Jana yake alinicheka: "Kaka, mlango umeukondesha mpaka paka anapita." Nilikuwa nimekosea kabisa ugonjwa wa ule mlango. Ila ulifunguka.

Tukavunja madirisha, tukavuta watu. Jirani wa dada, mwalimu mstaafu asiyeweza kutembea, Injinia aliingia kwake kupitia dirishani, akamtoa mgongoni hadi ukingoni mwa dirisha, tukampokea mikononi, yeye akiwa bado ndani.

Ardhi ikaguna.

Kilima kilishuka bila haraka, kama mtu anayekaa.

Mwalimu anaishi kwa mwanawe. Dada yangu yuko mjini, mlango wake wa sasa ni wa chuma. Mpwa wangu ni mkuu wa vipimo kwenye machimbo mengine, na haruhusu ripoti yoyote itoke bila mchoro. Mke wa Injinia hajaolewa tena. Injinia alipatikana baada ya wiki. Mimi begi langu lilibaki kwenye pikapu, nikaondoka nalo baada ya mazishi.

Ndugu msomaji, ukienda kuuliza huku jibu umelishika mkononi, utarudishiwa hilo hilo, na utalisifu kwa msimamo.