Filamu ya Kwanza, Kama Alivyoiona Akinyi

Nyinyi mliokulia Kaloleni mnajua: enzi zetu hatukuwa tunatazama filamu, tulikuwa tunasimuliwa. Kibanda cha vidio kilikuwa mtaa wa Majengo, mlangoni kumetundikwa blanketi, na mama zetu wote walikuwa na onyo moja: "Nisikie umeonekana kwa vidio, utanitambua!" Ila Akinyi, wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mjombake ndiye aliyelinda mlango ule. Basi Jumamosi Akinyi anaingia bure, sisi tunabaki tukiruka kamba, macho yote barabarani.

Akirudi tunamzunguka kwenye ngazi za ukumbi wa mtaa wetu, tukiguguna mahindi ya kuchoma. Sheria zilikuwa mbili. Ukimkatiza, anaanza upya. Na akta hafi. Akta ni yule jamaa mkuu wa filamu. Hata apigwe risasi za kujaza sufuria, lazima afike mwisho. Akinyi alisimulia kwa mwili mzima. Alibingiria vumbini, alinguruma kama roketi mpaka mate yakatufikia, na hakuna aliyejifuta.

Filamu bora maishani mwangu ilikuwa ile ya roboti na msichana mdogo waliopotea angani. Akinyi alimwita roboti Chuma. Chuma alikunywa mafuta ya taa kwa kikombe cha plastiki, na akikasirika aliongea Kijaluo. Maadui walikuja mwezini kwa lori kama askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakapindua vibanda vya nyanya, akina mama wa mwezini wakatimua mbio na beseni kichwani. Mwishoni chombo chao cha angani kikaondoka bila Chuma. Jamani, tulishika vichwa! Chuma akaruka, akadaka mkia wa chombo, akaning'inia hadi duniani, akaangukia nyuma ya karakana za reli. Msimamizi akaitazama ile mikono, akamwandika kazi siku hiyo hiyo. Tulishangilia hadi mzee mmoja akatoka na mshipi.

Miaka yote hii nimekuwa nikiisifu filamu hiyo. Sasa mwaka huu wametoa ya pili. Niliitazama nyumbani Njiru na binti yangu Nafula, wa miaka kumi na sita, ambaye filamu huziendesha kwa kasi maradufu huku akichati na watu wanne. Mimi niliudhika tangu mwanzo. Yule msichana amekuwa mama mzima, na anazunguka nyota zote akimtafuta roboti wake.

"Anamtafutia nini huko na jamaa yuko reli?" nikaiuliza televisheni. "Hawa hata ya kwanza hawakuitazama!"

Nafula akasimamisha picha. "Reli gani, Mum?"

Nilipomweleza alicheka akaanguka kwenye zulia. Kisha akatoa masharti: Jumapili tuitazame hiyo ya kwanza, na ikishindwa na ya pili, nisitamke tena "enzi zetu" ndani ya nyumba mwaka mzima. Hebu fikiria! Bila maneno hayo nitamlea mtoto na nini? Nikakubali kwa kiburi, nikampigia Akinyi aje awe shahidi wangu. "Kwani lazima tuitazame?" akauliza.

Alikuja na chapati, akakaa ukingoni mwa kiti. Nafula aliipata filamu kwa dakika moja tu. Ee Mungu wangu! Hakukuwa na lori. Hakukuwa hata na nyanya moja. Mwezi wenyewe ulikuwa shuka lililokunjamana, na chombo kilining'inizwa kwa uzi ambao hata mimi bila miwani niliuona. Chuma alikuwa friji lenye miguu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, huku nikijua nashindwa. Halafu chombo kikaondoka, Chuma akabaki peke yake, na taa ya kifuani mwake ikazimika. Majina yakaanza kupanda.

"Akta amekufa," nikasema. Nikamgeukia Akinyi. "Wewe, ulitudanganya sisi wote!"

"Nilikuwa nadanganya wewe," akasema. "Hao wengine walikuwa tu hapo. Mamako si alikuwa amelazwa hosi wiki hiyo? Ulikuwa unalala kwetu, na husinzii mpaka ushike sweta yangu. Sasa nikuambie Chuma aliachwa, akazima? Ungelala?"

Nilikuwa nimeisahau ile sweta. Mama alipona, na mpaka leo ananigombeza kwa simu. Lakini wiki ile nilikuwa na miaka minane.

Nafula alitoa hukumu bila huruma: "Ya pili imeimaliza kabisa, Mum. Pole." Nimekubali. Ndiyo maana nayaandika haya nikiwa nje, kwenye ngazi, ambako "enzi zetu" haijakatazwa.

Watoto wetu wanaona kila kitu kwa macho yao, picha safi, mwisho ule ule wanaouona watu wote duniani, na kwa kweli nawaonea wivu. Ila huwa namfikiria Akinyi Jumamosi ile. Alikuwa na miaka kumi. Alitoka pale kwenye blanketi akijua Chuma amekufa, akatembea peke yake kutoka Majengo hadi Kaloleni, njia nzima akifikiria amtafutie kazi gani ili mimi nilale.