Ukurasa wa Msaada Usioitikia Salamu

Hasira bado ninayo, basi tu. Niliandika kurasa za msaada za jukwaa letu la kutengenezea programu, kurasa zenyewe unazifungua kwenye kivinjari, na nikaweka mfumo wa kutafutia majibu humo. Eti watumiaji wakalalamika kwamba wakitafuta jibu hawapati kitu! Nikafoka kikaoni, hapa Kayanga: "Wavivu hao! Kutafuta hawajui!"

Dada Zainabu, bosi wangu, akafungua orodha ya maswali yao. Karibu yote yalianza hivi: "Shikamoo, naomba kujua jinsi ya kuhifadhi kazi yangu." Mfumo wangu ulikuwa unatafuta ukurasa wenye "shikamoo", unakosa.

"Mtu mzima anaamkiaje kompyuta?" nikabwata.

Akashuka hadi swali la kwanza kabisa, la siku ya majaribio, akalisoma kwa sauti: "Shikamoo, samahani kwa usumbufu." Akanigeukia. "Hili limetoka kwenye akaunti yako, kaka."