Asubuhi Tatu za Vanila

Vanila haina haraka mpaka siku inayochanua. Unapanda kipande cha shina chini ya mti wa mbono, unafunika mizizi kwa majani makavu ya migomba, unauacha mmea utambae huku ukiushusha kila ukizidi kimo chako. Miaka inapita. Kisha ua linafunguka alfajiri, na mchana limeshajifunga. Kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Lazima mtu asimame pale asubuhi hiyohiyo, ainue kwa mwiba wa mlimau kiutando kinachotenganisha dume na jike, kisha avikandamize kwa kidole gumba.

Mama alifanya hivyo miaka mingi katika kibanja chake Kaagya, mpaka mtoto wa jicho alipomzidi. Jumatano moja alfajiri akanipigia simu Kahororo, ninakofundisha. Alisema maua yameanza, na yeye kile kiutando hakioni tena. Akaomba nimwazime macho yangu asubuhi tatu tu.

“Ee waitu,” nikamjibu kwa heshima, “nitafika Jumamosi.”

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Mitihani! Ningeweza kuisahihisha jioni, na nilijua hivyo.

Jumamosi nilimkuta barazani na ungo mapajani, umejaa maua yaliyonyauka. Alijaribu mwenyewe kwa kupapasa, akayachana. Hakunigombeza. Alinipikia ndizi na maharage, akanikaribisha kama mgeni, na chakula kilinishinda.

Msimu uliofuata nikajifanya mwana mwema. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa Kaagya na mwiba wangu. Mama alinionya kwamba katika kila kichala nichavushe maua manane, mengine niyaache yaanguke, maana mmea hauwezi kulea yote. Sikuacha hata moja. Nilitaka apapase matunda mpaka mikono ichoke, asahau ule ungo. Yalipotoka nikamshika mkono, akayapapasa kichala kimoja baada ya kingine, kisha akarudia cha kwanza. Mimi mjinga nikadhani ni furaha.

Matunda hayajakomaa, majani yakageuka manjano, shina likasinyaa, mizizi ikaanza kuoza. Kila Mama alipouliza, nilimwambia mmea unaendelea vizuri. Nilimdanganya kwa sababu haoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, zaidi hata ya mmea wenyewe.

Siku moja nilimkuta amejikokota peke yake hadi kwenye mbono. Alishika jani la vanila, likabaki mkononi mwake. Akashika la pili, nalo likabaki. Hakuuliza kitu kuhusu matunda.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nilikuomba asubuhi tatu tu.”

Nikamshika mkono nimrudishe nyumbani. Akautoa taratibu, akaniambia njia anaijua.