Imbwa ya Bei ya Ng'ombe

Mambo ya ile imbwa mi sipendaka kuisema, hata leo uso inanichoma, lakini juu mulishaka kuisikia nusu-nusu ku midomo ya batu, na kila mutu anaongezaka yake (kuko wenye banasema nilioa imbwa), heri niiseme mi mwenyewe, na mukicheka, mucheke ile yenye ilifanyika kweli.

Nilikuwaka karani mu kampuni moja ya kahawa, kule chini Nyalukemba, napiga mashini ya kuandika, kravate ku shingo hata siku ya mvua. Nyumba ilikuwa Kadutu. Na nilikuwa na muchumba, Nsimire, mutoto ya papa Cishugi wa Nyangezi. Mahari ilikuwa karibu kuisha, ng'ombe moja tu njo ilikuwa inabaki, na franga ya ile ng'ombe nilikuwa naiweka polepole mu sanduku ya bati.

Basi mubelgi moja wa Nguba akawa anarudia Ulaya, anauzisha vitu ya nyumba. Nikaenda kutafuta redio. Redio nikakuta imeshaenda, lakini pale ku baraza imbwa ilikuwa imelala, kubwa sawa ndama, nyeupe na madoa nyeusi ku mbavu. Madame akanieleza kama ni Danois, imbwa ya ukoo, akanionyesha karatasi yenye jina ya baba yake, na babu yake, na babu ya babu yake (mi mwenyewe babu ya babu yangu sijui hata alikuwaka anaitwa nani). Yenyewe jina yake Baron. Halafu madame akasema: "Wewe uko évolué, utajua kuchunga kitu ya bei." Ile neno, ya kuita mweusi mwenye kusoma na kuishi sawa muzungu, ikanipanda ku kichwa sawa pombe ya kasiksi, nikapanda Kadutu mbio, nikafungua sanduku, nikashuka tena mbio mbele ya akili kunifikia.

Kununua, wandugu, ile ni mulango tu. Nyumba yenyewe ni kulisha. Siku ya kwanza nikamupa bugali, akainusa, akaniangalia sawa mi njo nilikosa adabu. Alikuwa anataka nyama ya ng'ombe, na muchele, na maziwa asubuhi, na muuza-nyama wa ku soko akaanza kuniuliza kama nimeoa wanawake ngapi. Mukaba yake ya shingo ilikuwa ya ngozi nzuri kuliko mukaba ya suruali yangu. Kukakuja kodi ya imbwa. Kukakuja munganga ya wanyama, juu ya minyoo, na yule munganga alinikamata franga mingi kuliko yenye nilitoaka kwa meno yangu yote. Na Baron alikuwa anasikia français tu, kwa hiyo kila asubuhi bajirani banasimama ku lupango, uwanja ya nyumba yao, kunisikiliza naomba imbwa yangu: "Assis, Baron, s'il vous plaît," njo kusema kaa, tafazali. Mwisho ya mwezi yeye anakula nyama, mi nakula majani ya lengalenga kwa Déo, jirani yangu, seremala. Déo akaniambia: "Muko wawili mu ile nyumba, na we njo boy."

Sasa, asubuhi moja ya ukungu, niko nanyoa ndevu inje, nimechelewa kazi, maman Nakahugo akapita. Ni shangazi ya Nsimire, anauzisha maharagi ku soko ya Kadutu. Akachungulia juu ya matete ya lupango, akaona mugongo mukubwa na madoa, Baron amelala, kichwa kule ngambo.

"Eh, baba," akasema, "ndama yako iko muzuri. Kaka yangu atafurahi."

Kumueleza ilikuwa itaomba maneno mingi. Nikasema: "Aksanti, tante." Nikajiambia mangaribi nitapita kwake kunyoosha mambo. Mangaribi alikuwa ameshapanda kamiyo ya Nyangezi.

Habari ikarudi mbio: siku ya mungu, nyuma ya misa, papa Cishugi anakuja kuangalia ndama. Nikapanga hivi: Déo apeleke Baron mbali, ku ziwa, mi niseme ndama iko ku malisho. Ilibakia shida ya chakula ya bageni, na mu mufuko kulikuwa franga ya nyama ya mutu moja, ao ya imbwa moja. Nikakamata nyama ya Baron, nikaitia mu sungunia ya bageni. Baron akashuka ku ziwa tumbo tupu.

Wakafika. Papa Cishugi na kofia yake na fimbo, maman Nakahugo na kitambaa mupya, Nsimire nyuma yao, anaangalia chini. Bajirani nao bakajaza lupango, juu wao bote balijua, na hakuna hata moja mwenye alikuwa anataka kukosa. Papa akakaa, akapokea kasiksi, akapokea sahani, na mbele ya kula akasema maneno ya mutu mukubwa:

"Dada yangu aliiona na macho yake. Mutu mwenye kunenepesha ndama vile, hata mutoto yangu hatateseka kwake."

Bajirani bakakohoa. Nikasema: "Aksanti, papa. Leo iko ku malisho."

Njo pale tukasikia makelele inapanda toka chini, ya wamama, ya kuku, ya mutu anaita "assis, assis" na sauti ya kulia. Mulango ya matete ikaanguka. Baron akaingia, munyororo nyuma yake, na ku mwisho ya munyororo Déo, anaburutwa ku tumbo, amebakia na kiatu moja. Baron hakusukuma mutu. Alipita katikati ya batu sawa mugeni mwenye kuchelewa, akaweka mikono yake mbili ku magoti ya papa Cishugi, akakula nyama ya sahani yote, akakaa.

Papa akasimama, akaizunguka polepole, akainama, akaangalia chini ya tumbo.

"Nakahugo, hii njo ndama?"

"Ilikuwa imelala," maman Nakahugo akasema, "na niliona mugongo tu."

"Inakamuliwa wapi?"

Akanigeukia.

"Ulinunua bei gani?"

"Bei ya ng'ombe, papa."

"Na inakula nini?"

"Nyama."

"Nyama ya nini?"

Nikaangalia viatu. "Ya ng'ombe."

"Basi," papa akasema, bila kupandisha sauti, "ulitoa ng'ombe, ukanunua kitu ya kukula ng'ombe."

Pale lupango ikapasuka. Batu bakaanguka juu ya batu, Déo anachekea palepale chini, maman Nakahugo amejifunika kitambaa. Mi nilikuwa natafuta shimo ya kuingia. Halafu nikasikia kicheko ingine, nyembamba, haiishi: Nsimire, ameegemea ukuta, machozi inamutoka, anashindwa hata kusimama. Papa akamuangalia sana.

"Kama angekuwa analia, ningekurudishia ng'ombe zako leo," akaniambia. "Lakini anacheka. Nakungojea mpaka kahawa ivunwe."

Baron nilimuuzisha kwa mulowezi moja wa shamba, kwa bei ya mbuzi, na munyororo nikamuachia bure. Akapanda mu gari, kiti ya mbele, hakugeuka hata kidogo. Mavuno ilipopita, ng'ombe nikaipata, nikaitembeza na miguu yangu mpaka Nyangezi, na papa Cishugi, mbele ya ukoo yote, akaifungua kinywa akaangalia meno moja moja. Halafu akainama, akakamua.

Siku ya arusi nikaapa: kitu yenye kula mingi kuliko mi haitaingia mu nyumba yangu tena. Nyuma ya pale Mungu akatupa batoto wanaume watupu, na ile kiapo, wandugu, ilishavunjikaka zamani.