Hoteli Iliyoagiza Maziwa Jumamosi

Watu huchagua hoteli ili wapumzike. Huuliza kama vitanda ni laini, kama dirisha linatazama ziwa, kama wapishi wanajua kazi. Mimi na mama yangu tulichagua hoteli ya fahari mjini Goma, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na hatukuuliza hata moja kati ya hayo. Tulitaka kujua jambo moja tu: yule Mkubwa analala wapi?

Mkubwa huyo alikuwa ametumwa Masisi kutoka mbali, na kazi yake ilikuwa kutia sahihi karatasi za wafungwa. Akiandika hivi, mtu anarudi kwake. Akiandika vile, mtu anapandishwa lori na kushushwa Walikale, kwenye joto la msitu, kutengeneza barabara. Sisi watu wa milima tulijua maana yake. Mtu aliyezoea baridi na maziwa ya ng'ombe wake, ukimpeleka kule kwenye mbu, homa inamla kabla jembe halijachakaa.

Baba alikuwa kwenye gereza la Masisi. Kosa lake lilikuwa kuwapa maziwa wapita njia watatu na kuwalaza zizini, bila kuwauliza wanatoka wapi wala wana shida gani. Kwetu mgeni haulizwi siku ya kwanza. Kesho yake askari walisema wale watu ni waasi, wakamchukua baba sokoni Kitshanga mbele ya watu wote, kofia yake ikabaki chini kwenye matope. Tuliambiwa lori la Walikale linaondoka Jumatatu.

Pale ofisini tulifukuzwa siku tatu mfululizo. Askari wa mlangoni alikuwa na fimbo, na hakuwa mvivu wa kuitumia. Mama akaona njia ile imeziba. Basi mke wa mlinzi wa gereza, ambaye alikuwa akinunua maziwa kwetu, akatuonea huruma na kutunong'oneza habari mbili. Ya kwanza, Mkubwa ana kidonda tumboni. Daktari amemkataza pombe na pilipili, na jioni hunywa maziwa mabichi. Ya pili, kila Jumamosi anashuka Goma kupumzika kwenye hoteli ya wakubwa. Hoteli gani, hakujua.

Mama akasema, "Tutalala palepale. Muntu ukilala naye chini ya paa moja, hawezi kukufukuza."

Akauza mtamba wetu, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, aliyekuwa karibu kuzaa. Nililia. Sikumlilia baba siku ile, nilimlilia mtamba, kwa sababu huyo ndiye niliyemwona akiondoka.

Jumamosi alfajiri mama alikamua mwenyewe. Alijaza maziwa kwenye icyansi, kile chombo cha mti tunachokifukiza moshi ili maziwa yasiharibike upesi, akakifunika na kukipakata kama mtoto. Tulipanda lori la maharagwe hadi Sake, kisha lingine hadi Goma, na njia nzima mama alikuwa akimwambia dereva aende polepole kwenye mashimo.

Goma kando ya ziwa kulikuwa na hoteli tatu za aina ile. Moja ilikuwa na muziki na magari meusi mlangoni. Ya pili ilikuwa karibu na gati, wafanyabiashara wakiingia na kutoka. Ya tatu ilikuwa imejificha nyuma ya ua wa maua mekundu, kimya, ungedhani ni nyumba ya masista. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma, najua Kifaransa, kwa hiyo nilijiona mwenye akili. Nikamwambia mama ni ile ya magari. Mkubwa atalala wapi kama si penye magari?

Mama alizunguka nyuma ya hoteli ya kwanza, kwenye mlango wa jikoni, akaketi kwenye jiwe. Nilimfuata nikiwa nimekasirika, jua linanichoma, na wapishi wanatucheka. Baadaye akaja mchungaji mmoja na vyombo vyake vya maziwa begani. Mama alimsalimia kwa lugha yetu, akamuuliza habari za ng'ombe, za malisho, za mvua, hadi nikataka kupiga kelele. Ndipo akamuuliza, hoteli ipi kati ya hizi inaagiza maziwa ya ziada siku ya Jumamosi tu?

"Ile ya maua," mchungaji akasema. "Siku zingine banatwaa kidogo ya kahawa. Jumamosi banaongeza chombo kizima. Iko mugonjwa mumoja pale, yeye njo anakunywa."

Nilimtazama mama nikaona aibu ya kujiita msomi. Kwa mara ya kwanza tangu Kitshanga nilipata tumaini, na tumaini lile liliniuma kuliko hofu.

Karani wa hoteli alitazama miguu yetu kabla ya kutazama nyuso zetu. "Mama, hapa chumba iko bei kali," alisema. Mama akafungua fundo la kitenge, akaweka mtamba wetu mezani. Karani akahesabu noti, akatukabidhi ufunguo. Alitaka kuchukua icyansi ipelekwe jikoni, mama akakataa.

Nitasema kweli, chumba kile kilinipendeza, na nilijichukia kwa kupendezwa. Shuka zilikuwa nyeupe na zimenyooshwa pasi. Maji ya moto yalitoka ukutani ukizungusha kidude. Dirishani ziwa lilikuwa limetulia na bustani imefyekwa vizuri, na mzungu mmoja mzee alikuwa amelala kwenye kiti akisoma gazeti. Baba alikuwa amelala kwenye saruji. Mama hakugusa kitanda. Aliketi sakafuni, chombo miguuni, kila mara akifunua kifuniko na kunusa. "Yasigande," alikuwa akisema. "Mungu wangu, yasigande."

Jioni Mkubwa alitoka barazani. Nilitegemea jitu, kumbe alikuwa kijana mfupi, amevaa ndara, uso umemsinyaa, mkono mmoja umeshika tumbo. Mama alimtambua kwa ule mkono. Akapiga magoti, akaonja maziwa kwanza kama inavyotakiwa, kisha akamtolea chombo kwa mikono miwili.

Yule mtu alishangaa. Halafu akanywa. Alikunywa taratibu, macho amefumba, na nikaona maumivu yakimtoka usoni. Alipomaliza alikuwa mtu mwingine, mtoto wa mtu, na ana mama yake mahali fulani.

"Merci mingi, Mama," alisema. "Maziwa ya namna hii sijakunywa. Sasa niambie, uko na shida gani?"

Aliuliza mwenyewe! Mlango ambao tuliuuzia mtamba, ambao askari walituchapia, alikuwa ameufungua yeye mwenyewe, na anangoja.

"Hakuna shida, Papa," mama alisema. "Nilikuya kukusalimia tu."

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu kwa nguvu hadi machozi yakanitoka.

"Kweli hakuna?" aliuliza tena.

"Hakuna, Papa. Kesho asubui njo tutasalimiana."

"Bon," alisema, akatabasamu, akaingia ndani na chombo chetu.

Chumbani nilimfokea mama kama sijawahi kumfokea mtu. Nilimwambia mficha uchi hazai. Nilimwambia amemuua baba kwa adabu zake. Alinisikiliza hadi nikachoka.

"Maziwa na shida hazipelekwi siku moja," alisema. "Ukiomba wakati midomo yake ingali na povu, umemuuzia. Atajua ulikuya kununua sahihi. Acha alale nayo. Kesho yeye mwenyewe ataniuliza mara ya tatu, njo nitasema. Haraka haraka haina baraka."

Ndivyo tulivyolelewa. Kwa watu wetu wote, kutoka Kitshanga hadi Masisi, angekuwa amefanya sawasawa. Mwanaume wa milima yetu akinywa maziwa ya mtu asiyeomba kitu, halali usingizi hadi ajue shida yake. Lakini huyu hakutoka milimani. Kwao, mtu akisema hakuna shida, hakuna shida.

Asubuhi mama alinawa uso, akafunga kitambaa kipya, tukaketi barazani. Chai ikapita. Wageni wakala mayai, wakaondoka. Mwishowe mfanyakazi wa hoteli akaja na icyansi yetu. Ilikuwa imeoshwa kwa sabuni, harufu yote ya moshi imekwisha.

"Mukubwa alishaondoka mapema na gari yake," alisema. "Banamwita kazini. Alisema nimurudishie Mama chombo yake, na asante sana."

Mama alitia mkono ndani ya chombo, akatoa noti zilizokunjwa vizuri.

Alizikunjua. "Amenunua," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hasira yangu yote ilikuwa imeniishia.

Tulirudi kwa noti hizo, kwa sababu za mtamba zilikuwa zimebaki kwa karani. Jumatatu tulifika gerezani lori likiwa limeshawashwa. Mama alikimbilia ofisini, fimbo ikamrudisha. Wanaume walikuwa wamepangwa nyuma ya lori wamesimama, na baba alikuwa pembeni, kichwa wazi, amekonda. Mke wa mlinzi alikuwa amempa habari za safari yetu. Baba alipotuona alijiinua juu ya mabega ya wenzake.

"Mulifika Goma?"

"Tulifika!" mama akaitikia, akikimbia kando ya lori lililoanza kutembea.

"Mulimuona?"

"Tulimuona!"

"Alisema nini?"

Mama alikimbia hatua chache zaidi, chombo kitupu kikimgonga ubavuni, kisha akasimama. Mimi ndiye niliyepiga kelele kumjibu baba, kwa kuwa alikuwa angali anatutazama na anangoja, na sikujua uongo wowote.

"Alisema maziwa iko nzuri!"