Shimo la Muzungu na Mimba ya Mama

Vita ya wazungu haikufika kwetu Kalembe, lakini muzungu wa shamba la kahawa aliiogopa hivyo hivyo. Aliwachimbisha baba zetu shimo ndani ya kilima, akalijenga kwa saruji, apate kujificha siku ndege za mabomu zitakuja. Hazikuja. Vita ilipokwisha, ndugu yake akatia mule taa, viti na picha za askari, na wageni wakaanza kutoka mbali na motokari zao kuja kuangalia. Kuangalia nini? Shimo! Hata leo sielewi.

Baba yangu njo alipewa kazi ya kuwafungulia mulango na kuwashikia taa. Hapo taabu ikatuingilia. Kila muntu alijua habari ya batumbula, wale waliosemwa kukamata watu, kuwafungia chini ya ardhi, kuwanonesha na kuwala. Na sasa shimo iko, na ufunguo uko mufukoni mwa baba. "Wale wageni wanaingia na njaa, wanatoka wanacheka," jirani yetu, mama mumoja wa maneno mengi, alisema. "Mule wanakula nini? Lisemwalo lipo."

Mama alikuwa na mimba ya miezi nane. Kwetu muke hazai peke yake, wanawake wa jirani njo wanamushika. Lakini walikoma kupita kwetu. Mama akiwasalimia shambani, wanainamia maharagwe yao kama viziwi.

"Nani atanizalisha?" alimuuliza baba. "Wewe na taa yako?"

Baba akaendelea kupangusa kioo cha taa. Nilimukasirikia mupaka nikakataa kumupa maji ya kunawa.

Siku ya soko mama akatwaa ufunguo wa baba, akawaita wanawake wote mbele ya ule mulango wa shimo. "Angalieni vizuri. Ninaingia, ninatoka, halafu muache upuzi wenu."

"Dada, usiingie na mimba!" mumoja alilia.

Akaingia. Jamani, moyo wangu! Akakawia kidogo, akatoka na vumbi kwenye kitambaa cha kichwa, anacheka. "Iko viti tu, na baridi. Njooni muone."

Hakuna aliyesogea. Yule jirani akasema polepole, "Mbona wewe wamekuachia? Umewaahidi nini?"

Macho yote yakashuka kwenye tumbo la mama.

Mama akanigeukia mimi, binti yake, akaninyooshea mukono twende nyumbani. Lakini mimi pia nilikuwa ninaangalia lile tumbo, ninapima kama limepungua. Aliniona. Akaurudisha mukono wake, akashuka kilima peke yake.